Baki ni Tatu

Karani aliyemshika mama yangu kule Urambo nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe, Tabora mjini, na mpaka asubuhi ile nilikuwa najisifia hilo kila mahali.

Ndani ya robota moja la tumbaku yalikutwa mawe, yamefichwa katikati ya majani ili uzito uongezeke. Adhabu kila mtu anaijua: kufutwa kwenye chama cha ushirika. Bila chama hupati mbolea wala pa kuuzia, na mama hana zao jingine. Nilimkuta mbele ya mizani, mkononi kipande cha lebo chenye namba ya robota lake. Jirani yake, mama mmoja aliyehamia kutoka Ulyankulu, alikuwa amemshika mkono.

"Shikamoo, mwalimu," karani alisema. "Mimi nafuata ulichonifundisha. Marobota ni mengi, namba ni ndefu, macho yanachoka. Kwa hiyo najumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Robota lenye mawe ni tatu. Kipande cha mama, tatu."

Nilijumlisha mwenyewe namba ya robota. Thelathini, kisha tatu. Nikajumlisha kipande cha mama. Tatu. Nusura nimuulize mama kwa nini amefanya vile, na hilo sijajisamehe.

"Mwanangu," alisema, "mawe mimi nimeyatoa wapi?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwamuru karani asome namba zote mbili, polepole, tarakimu moja moja. Robota: 4,518,273. Kipande: 4,518,237. Nikatoa, ikabaki thelathini na sita. Tisa mara nne! Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, jumla haiguswi, na tofauti ya namba hizo lazima igawanyike kwa tisa. Mbinu yangu ilikuwa kipofu mahali pale pale. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimemtumbukiza mama. Darasani sehemu hiyo niliiruka. Kengele ilikuwa imelia, na mimi nilikuwa na haraka ya chai.

"Robota hili si la mama!" nilisema kwa sauti, foleni nzima isikie. Sikuficha furaha yangu.

Karani alifungua daftari lake, akashuka na kidole mpaka kwenye namba ya robota na jina la mwenyewe pembeni yake. Kidole kikasimama. Alipoinua macho hakunitazama mimi, alimtazama yule jirani. Naye akauachia mkono wa mama.

Wiki ile ndiye aliyetuazima kamba za kufungia marobota yetu.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema, kama vile ndiyo kwanza namwona.

"Marahaba." Alikitoa kipande chake cha lebo, akanionyesha namba: 4,518,273. "Na hesabu yako, mwanangu, inasema aliyeweka mawe ni nani?"

Mama yangu akamshika mkono tena, akanipa mgongo.