Mabomba Ndani ya Gari Jekundu

Juzi Dar, nje ya ukumbi wa harusi, nilikuta gari jekundu la Kimarekani, la zamani, limepambwa maua. Nilipochungulia ndani niliona makovu manne ya kuchomelea sakafuni, nikanusa tena karakana ya baba kule Kibiti: chuma cha moto na rangi mbichi.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, dereva mmoja mcheshi alilileta pale karakanani likiwa halina viti vya nyuma, akanipa kashata. Baba akaanza kukunja mabomba na kuyachomelea ndani ya gari. Mabomba yale niliyajua. Siku chache kabla alikuwa ametumia ya aina hiyo hiyo kutengeneza jeneza la msikiti wetu, lile la kubebea maiti. Basi nikaelewa: mgeni anatengenezewa lake, na mwenyewe hajui.

"Baba, mbona bado mzima?" nilinong'ona.

"Nani?"

"Huyu mjomba."

Baba alizima mashine, akacheka. "Haya ni ya kumkinga, mwanangu. Gari likipinduka kwenye mashindano ya mbio, paa lisimbonyeze."

Sikumwamini. Watu wazima huwaficha watoto habari za misiba. Dereva alipoondoka kwa mngurumo uliotawanya kuku, nilisimama kwenye vumbi lake nikasoma Inna lillahi mpaka mwisho.

Pale nje ya ukumbi, mwenye gari wa sasa aliniona nimeduwaa. "Vyuma nimeving'oa, viti nimerudisha," alisema. "Enzi za mashindano lilipinduka mara tatu, dereva akatoka anatembea. Si yule pale, babu yake bibi harusi?"

Nilitaka kwenda kumwamkia, nikaona haya. Mimi nilishamzika zamani.