Kilo za Bupe

Kabla sijakwambia habari za Ujerumani, umjue kwanza Bupe mwenyewe. Ni rafiki yangu, mjane, Mnyakyusa wa Tukuyu, na kazi yake ni kukaa kwenye dirisha la maulizo katika mahakama ya kaunti kule Upper Marlboro, Marekani. Watu wanaingia pale wamevimba, mmoja kapigwa faini, mwingine anaachana na mumewe, na Bupe anawaelekeza chumba cha kwenda kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Hajui kumkatalia mtu. Ukimwomba kiti alichokalia atasimama, halafu akuulize kama unataka na mto.

Amesafiri sana, lakini hajawahi kusafiri kwa ajili yake. Likizo zake zote zimeishia kwenye misiba na harusi za watu, na masanduku yake yamejaa viatu vya watoto wa wenzake. Alipoomba ruhusa ya Desemba, bosi wake alimpa pole kabla hajajua anakwenda wapi.

"Hakuna aliyekufa," Bupe akamwambia. "Naenda kutembea."

Kutembea kwenyewe kulianzia kwenye simu. Aliona video za masoko ya Krismasi ya Ujerumani, vile vibanda vya mbao vyenye taa, watu wameshika vikombe vya divai ya moto, theluji inadondoka kwa adabu, akapagawa. Akapanga njia yake: ashuke Frankfurt, apande treni hadi Würzburg, aingie Rothenburg, kisha Nuremberg, Leipzig, amalizie Dresden. Akawa ananipigia simu asubuhi, mchana na jioni.

"Flavi, nimesha-book, hakuna kurudi nyuma. Unajua Nuremberg wana mikate ya tangawizi mikubwa kama sahani?"

Mimi naishi Falls Church na nina kazi zangu za kompyuta, lakini ningefanyaje? Mtu mzima akifurahi kiasi hicho unaacha kazi unafurahi naye.

Tatizo lilikuwa Rothenburg. Huko hakufikiki kwa treni moja. Unabadilisha Würzburg, unabadilisha tena kwenye kastesheni kanakoitwa Steinach, na hapo unapewa dakika chache tu za kutoka treni hii na kuingia ile. Bupe aliziogopa hizo dakika kuliko anavyoogopa ndege. Akaamua tufanye mazoezi.

Jumamosi moja tukaenda stesheni ya Metro Center, mjini Washington, yeye na sanduku lake jipya jekundu, mimi na kahawa yangu. Zoezi lilikuwa kushuka kwenye treni ya njia ya Silver, kupanda ngazi, na kuidaka treni ya njia ya Red kabla milango haijafungwa. Ngazi za umeme alizikataa, eti huenda Steinach hawana. Mara ya kwanza tulishindwa kwa sababu ya kicheko. Mara ya pili aliinua sanduku kifuani, akapanda mbio, akaingia, milango ikafungwa mimi nikiwa nje. Akanipungia mkono kwenye kioo kama bibi harusi, treni ikaondoka naye hadi stesheni inayofuata, Gallery Place. Aliporudi alikuwa anahema na macho yamelowa.

"Flavi, naweza," akasema. "Naweza kwenda kokote."

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Kesho yake akaandika kwenye kundi la maombi la Watanzania wa kanisani kwake: "Wapendwa, naomba mniombee, Desemba nasafiri kwenda Ujerumani." Sasa sisi Watanzania wa huku tuna ugonjwa mmoja. Mtu akitaja safari hatumuulizi anakwenda kufanya nini, tunamuuliza kilo za mizigo alizobakiza. Edna alikuwa wa kwanza kujibu: "Amina mama, Mungu akutangulie. Una kilo ngapi?"

Wakaja. Edna alileta kitenge cha wifi yake wa Nuremberg. Method alileta mchele wa Kyela wa rafiki yake aliyeko Würzburg, kidogo tu alisema, na mfuko ulimshinda kuupandisha ngazi. Mzee Godlisten alitoka Gaithersburg kote kule na furushi la dagaa wa Kigoma, la binti yake anayesoma Leipzig. Dagaa wenyewe walikuwa wameletwa na mgeni kutoka Dar juzi tu. Walikuwa wamevuka bahari, na sasa wanatakiwa kurudishwa nusu njia.

Wale wengine wangeweza kuzungushwa. Godlisten ni jambo jingine. Hakuna harusi wala msiba wa Watanzania hapa asioongoza kamati yake, na mume wa Bupe alipofariki, yeye ndiye aliyehangaika mpaka mwili ukafika Tukuyu.

"Shemeji, nitaweza kweli?" Bupe alimuuliza. "Natakiwa ku-change treni kila mahali."

"Ni kafurushi tu," akajibu. "Mkono mtupu haulambwi, shemeji."

Tukarudi Metro Center na sanduku lililoshiba. Bupe alifika katikati ya ngazi akakwama, akalikalia. Treni ikaja ikaenda, nyingine ikaja ikaenda. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nitabaki Steinach na dagaa," akasema. "Rothenburg nitaendelea kuiona kwenye simu."

"Si uwakatalie!" Nilikuwa nimekasirika, nakiri, na nilikuwa tayari kuwapigia simu mmoja mmoja.

"Godlisten alimzika mume wangu, Flavi. Namwambiaje?"

Tukalishusha sanduku wote wawili, tukarudi nyumbani.

Jumapili iliyotangulia safari akatualika sote chakula cha mchana baada ya ibada, cha kuagana. Nilijua kuna jambo kwa sababu tangu mlangoni Bupe alikuwa anajichekea. Wali ulinukia mpaka kwenye korido. Dagaa walikuwa wamekaangwa na nyanya na pilipili, na meza imetandikwa kitambaa kizuri sana. Godlisten aliiombea safari sala ndefu, kisha akaingia kazini.

"Shemeji, hawa dagaa umewapata wapi?" akauliza mdomo umejaa. "Maduka ya hapa hayana dagaa wa hivi."

"Ni wako, shemeji."

Vijiko vikasimama. Method akautazama wali. Edna aliinua sahani yake taratibu, akakitambua kitenge cha wifi yake. Mimi niliziba mdomo kwa leso na bado haikusaidia.

"Nisameheni," Bupe akasema. Alikuwa anatabasamu. "Nilishindwa kusema, nikapika. Kitenge nitakifua. Nimebeba vitu vya watu tangu nifike nchi hii, na mkinituma tena nyumbani nitabeba. Lakini safari hii moja nataka sanduku ninaloliweza mwenyewe. Nataka kukimbilia treni."

Sote tukamgeukia Godlisten, maana huyo ni mwenyekiti hata pasipo kamati. Alitafuna, akameza, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Leipzig kuna duka la Waafrika," akasema mwishowe. "Dagaa anapata akitaka. Nilitaka tu mtu akamwone. Kila nikimpigia ananiambia yuko sawa, na mimi ile sauti siiamini."

Bupe akaweka mwiko chini.

"Si ungesema, shemeji. Kumwona mtu hakuna kilo. Nikishuka Leipzig nitaenda kwake kabla ya soko, nitamshika uso nimtazame vizuri, halafu nitakupigia nikiwa nimekaa naye."

Godlisten akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena. Kisha akasogeza sahani yake mbele ili aongezewe dagaa.