Fundi wa Jiko la Mke Wangu

Huyu fundi wa gesi mtaani wanamwita Pua. Jina hilo alipewa na mke wangu. Mimi sikuwahi kumpa kitu.

Pua yake ni ya kawaida. Ila akibisha hodi, kabla hujamwitikia ameshanusa mara mbili. Havuti sigara. Hajipaki manukato, hata siku ya harusi yake hakujipaka, nasikia bibi harusi alinuna. Kazi aliianza kwa kubeba mitungi begani, kupanda ngazi na kushuka, ndiyo maana bega moja limelala. Nyusi moja hana. Iliondoka na moto, kwa mteja aliyesema "nimefunga" kumbe hajafunga. Tangu hapo haamini neno la mtu. Anaamini povu. Anakoroga sabuni kikombeni, anapaka kwenye mpira wa gesi na kwenye maungio, kisha anachutama anangoja. Povu likivimba, gesi inatoka.

"Pua huzoea," husema. "Povu halizoei."

Haya nayajua kwa sababu mke wangu alinisimulia. Fundi wangu kasema hivi, fundi wangu kasema vile. Fundi wangu! Mimi niliyemuoa, nilikuwa "huyu."

Mke wangu alioka mikate ya kuuza. Jiko lake kubwa lenye oveni lilikaa chumba cha chini ya nyumba, kile cha kushuka ngazi, pamoja na mashine ya gesi ya kupasha maji. Mimi nilishuka kupeleka unga tu. Yeye na Pua ndio walioinama nyuma ya jiko wakicheka. Nilikuwa nawasikia kutoka juu. Sikushuka kuuliza. Mwanamume mzima, ukaulize kicheko?

Mwaka huu mke wangu alifariki. Nguo zake binti yetu aligawa. Lililobaki lenye mkono wake ni lile jiko. Nilikuwa nashuka kulifuta vumbi.

Halafu mvua ikazidi. Mtaro wa barabarani ukatapika, maji yakashuka ngazi zetu kama yamealikwa. Jiko likazama lote. Maji yalipotoka, likabaki tope.

Binti akasema, "Baba, usiguse kitu. Namwita fundi."

"Wa nini? Hilo ni jiko la mke wangu."

"Ni jiko la mama, ndiyo. Namwita fundi wake."

Fundi wake. Hata mtoto niliyemzaa.

Alipotoka, nikashuka. Nilitaka jiko liwake kabla Pua hajafika, liwake kwa mkono wangu. Nikalifuta tope, nikalikausha kwa taulo. Mtungi ulikuwa umeelea ukalala ngazini. Nikausimamisha, nikafungulia, nikawasha kiberiti. Likawaka! Moto wa buluu, mzuri. Nikasema, Pua ni nani?

Nikazungusha kishikio kuzima. Moto haukuzima. Nikazungusha tena. Moto unaniangalia tu. Nikaukimbilia mtungi nikaufunga, ndipo moto ukafa, polepole. Nikakaa ngazini.

Pua alikuja na binti. Alisimama juu ya ngazi, akanusa.

"Mzee, nani amewasha?"

"Hakuna."

Akatazama njiti iliyoungua, pale sakafuni.

"Tokeni wote. Swichi msiguse. Gesi ya mtungi nzito, haipandi. Inatulia chini kama maji. Chumba hiki ni kisima chake."

Akautoa mtungi nje, akafungua dirisha na mlango, tukangoja uani mpaka hewa ikabadilika. Kisha akashuka na taa yake ya betri, akafungua koki za jiko. Akanionyesha. Tope tupu.

"Koki inafunguka, haifungi. Jiko hili limekwisha, mzee. Na mashine ya maji vilevile. Likishazama, hulirudishi motoni."

"Weka koki nyingine."

"Za jiko hili hazitengenezwi tena. Hizi zenyewe nilizitafuta kwenye majiko mabovu, miaka. Mama alikataa jipya."

Hilo nalo sikulijua. Moyo ukaniwaka.

"Sema unalitaka wewe," nikamwambia. "Ulitengeneze, ukae nalo kwako."

"Baba!" binti akasema.

"La kuvunda halina ubani, mzee. Litakwenda kwa mnunuzi wa vyuma. Na mpira nitaukata hapa hapa, asije mtu akaliwasha." Akanitazama. Kisha akageukia ukuta, akajifuta macho kwa mkono wenye tope.

Hasira zikanipanda. Kilio kile ni changu. Nani kampa ruhusa?

"Nipe spana," nikasema.

"Mzee, acha mimi..."

"Nipe. Kama linafunguliwa, nitalifungua mimi."

Akanipa.

"Kulegeza ni kushoto," akasema.

"Najua."

Sikujua. Nikazungusha kushoto. Nati zilitoka moja moja, zimeshika. Yeye alinishikia taa, hakunisaidia. Hapo alinielewa.

Tulilipandisha wawili. Katikati ya ngazi tukapumzika, jiko limetulalia magotini.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nikauliza.

"Lini?"

"Siku zote. Huku chini."

Akafikiri. "Wewe, mzee. Ukishuka na unga, unahesabu ngazi kwa sauti. Ukifika mwisho unasema 'salama.' Mama alikuwa anaigiza sauti yako. Nilikuwa nacheka mpaka spana inaanguka."

Ni kweli nahesabu. Sikujua kwamba alikuwa anaiga sauti yangu. Na huyu aliisikia, mimi sikuisikia.

"Hebu iga," nikasema.

"Mimi siwezi kama yeye."

"Basi usiige."

Tukainua tena. Uani akaukata mpira mbele yangu, mwenye vyuma akaja na mkokoteni. Jiko likaenda. Nililitazama mpaka kona.

Binti alikuwa amenunua jiko dogo la kuweka mezani. Pua akalifunga jikoni juu, mtungi akauweka nje ya dirisha, akapaka povu. Halikuvimba. Binti akateleka chai.

Pua akavuta kiti cha karibu na mlango, akataka kukaa.

"Hicho hapana," nikamwambia. "Ni cha mke wangu."

Akakiachia haraka.

"Kaa hiki," nikasema, nikamsogezea changu.