Siku Nilipombeba Mama Mkwe Kanisani

Kuna akina mama pale soko la Kibwezi ambao mpaka leo wakiniona nikija kununua nyanya wanafunika mdomo na leso, na mmoja wao, hana haya huyo, huniuliza kama nimekuja kubeba mtu. Nachukua nyanya zangu naenda, kwa sababu nitasema nini na ni kweli nilimbeba? Nilimbeba mama mkwe wangu mikononi, mchana kweupe, ndani ya kanisa, na yeye mzima kabisa hana hata mkwaruzo. Wacha niwaeleze vile mambo yalifika hapo, ingawa kusema ukweli kuna sehemu zingine hata mimi sijazielewa vizuri.

Naitwa Mutua, ni fundi wa simu na redio, kibanda changu kiko karibu na kituo cha mafuta. Sasa, mama mkwe wangu (jina lake silitaji, na hata mkinibembeleza sitalitaja; kwetu Wakamba kuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya mwanamume na mama wa bibi yake, humshiki mkono, hukai karibu naye, huli mbele yake, na jina lake halipiti mdomoni mwako, basi tumwite Susu, yaani nyanya, vile watoto wangu humwita) alianguka kwenye shamba lake la ndengu akavunjika mguu, akalala pale tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, na simu yake iko nyumbani inachajiwa. Mguu ulipona. Lakini bibi yangu Mumbua aliniambia neno moja tu kuhusu siku hiyo, akiwa ameinamia sufuria hata hanitazami: "Aliita mpaka sauti ikaisha."

Hilo neno halikunitoka. Nikaanza kuvunjavunja simu mbovu za wateja zilizosahaulika kibandani, nikatengeneza kisanduku kidogo cha kufunga kiunoni na mkanda, ndani kuna chombo kinachohisi mwili ukishuka ghafla na kukaa chini bila kuinuka, na kuna laini ya simu. Kikihisi hivyo kinanipigia, na nikipokea nasikia sauti ya Mumbua niliyoirekodi ikisema, "Susu ameanguka. Njooni haraka." Kisha kinapiga tena, na tena, mpaka mtu akizime. Nilikuwa najivunia hicho kisanduku kuliko nyumba yangu.

Mteja mmoja ndiye alinitia wazimu wa hataza. Hataza ni ile haki ya serikali inayosema kitu hiki umebuni wewe na mtu mwingine hawezi kukitengeneza auze bila ruhusa yako. Akaniambia usipoandikisha, kesho utakiona dukani kimetoka ng'ambo, na wewe ukakinunue. Na kwa bahati kulikuwa na maonyesho ya wabunifu yanakuja hapo Kibwezi, na yule ambaye waamuzi watamchagua angesaidiwa na wataalamu kuomba hataza mpaka mwisho. Nikajiandikisha mbio.

Wiki ya maonyesho akaja mshauri wa hataza kutoka Nairobi kutukagua mmoja mmoja, mama mrefu, mpole, lakini maswali yake yana meno. Akageuza kisanduku changu huku na huku akauliza, "Kipya ni nini?"

Nikamwambia, "Hiki."

"Vifaa vya kujua mtu ameanguka viko vingi duniani, na vingi vina hataza tayari. Chako kina nini ambacho vingine havina?"

Nikafikiria, nikamwambia, "Hiki ni cha Susu."

Hakucheka. Akasema nitamjibu Alhamisi, siku ya maonyesho, mbele ya waamuzi. Nikarudi kibandani kichwa kimejaa ukungu, kwa sababu mimi nimekibuni kwa mikono yangu, sijaona cha mtu mwingine, sijaiba kwa mtu, halafu naambiwa si kipya. Kama si kipya, mbona Susu alilala shambani siku nzima?

Hapo ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo. Nikaona nikisimama mbele ya waamuzi niseme hivi sasa tunavyoongea kuna nyanya wa kweli amekivaa, watalainika. Lakini Susu alishawahi kukikataa. Alimwambia Mumbua, "Mimi si ng'ombe nifungwe kengele." Kwenda kumweleza mwenyewe siwezi, na kumfunga mkanda kiunoni, hilo hata kulifikiria ni dhambi. Basi Jumatano nikampa Mumbua kisanduku cha pili nilichokuwa nimetengeneza, akiweke kwenye kyondo, ule mfuko wa kusuka, pamoja na sukari ya kumpelekea mama yake, nikamwambia, "Usimweleze mengi. Mwambie tu mimi ndiye nimeomba akivae kesho." Mumbua akaniangalia vile wanawake huangalia wanaume wao, akaenda. Aliporudi akasema mama amekubali bila neno, na kesho atashinda nyumbani akipura ndengu. Nikafurahi, kwa sababu mtu anayepura ndengu anakaa palepale.

Alhamisi ukumbi umejaa. Zamu yangu ikafika, nikapanda jukwaani na shati jeupe, kisanduku kiunoni, godoro dogo chini la kuangukia, na simu nimeiunganisha na spika ili kila mtu asikie. Nikaanza kusema waheshimiwa waamuzi, kuna nyanya mmoja hivi sasa, na kabla sijafika kwa huyo nyanya simu ikalia, ikajipokea vile nilikuwa nimeipanga, na spika ikanguruma: "Susu ameanguka. Njooni haraka."

Watu wakapiga makofi. Nikajiangalia. Nimesimama. Taa ya kisanduku changu haiwaki. Nikasema kwenye maiki, "Ngojeni kidogo, mimi bado sijaanguka," ukumbi ukacheka, wakadhani ni mchezo. Spika ikasema tena. Mwamuzi mmoja akanipungia mkono niendelee, ati ni vizuri sana. Nikawa najigusa kiuno kama mtu aliyepotelewa na funguo, na ndiyo nikaangalia kioo cha simu nikaona laini inayopiga si ya kisanduku changu, ni ya kile cha pili. Nikang'oa simu kwenye waya, spika ikapiga kelele mpaka watu wakaziba masikio, nikaruka kutoka jukwaani nikatoka mbio, na yule mama wa Nairobi nikampita mlangoni amesimama na kalamu hewani.

Nilichukua bodaboda nikamwambia dereva asiulize bei. Tukafika kwa Susu, mlango uko wazi, ndengu ziko kwenye gunia nusu zimepurwa, simu yake iko dirishani inachajiwa, mtu hakuna. Nikazunguka nyumba, nikaangalia shambani, hata kwenye zizi la mbuzi nikachungulia. Mzee jirani akanisemesha kutoka ng'ambo ya ua, "Unamtafuta mama? Akina mama wa kanisa walikuja wakamchukua."

"Wakamchukua wakampeleka wapi?"

"Kanisani," akasema, akaendelea kukata nyasi zake.

Sasa nyinyi niambieni. Ni siku ya kazi, simu inalia ameanguka, mlango umeachwa wazi, na akina mama wa kanisa wamemchukua wakampeleka kanisani. Ungefikiria nini? Mimi sikuuliza swali lingine (na swali lingine moja tu lingeniokoa). Nilifikiria nitamwambia Mumbua nini, na ile simu ikaendelea kusema kwa sauti yake Mumbua mwenyewe kwamba njooni haraka, mpaka nikaanza kulia kwenye bodaboda, mtu mzima.

Kanisa lao ni la mabati, liko hapo mbele kidogo. Kabla sijashuka nikasikia kilio, akina mama wengi, wote kwa pamoja, wengine wanapaza sauti. Nikaingia. Susu yuko mbele kabisa, chini, paji la uso kwenye benchi, hatikisiki, na wenzake wamemwekea mikono mgongoni wakilia machozi. Nikasema nimechelewa. Kisha nikasema labda bado anapumua, kuna hospitali, kuna bodaboda nje, na hapo akili ikasimama na mikono ikafanya kazi yenyewe. Nikawasukuma akina mama, nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, nikamwinua, nikageuka kuelekea mlangoni.

Nikahisi mzigo umekakamaa. Nikaangalia chini, Susu amefungua macho, na uso wake uko karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa tangu nioe.

Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Mutua, niweke chini."

Hakuwahi kuniita jina, hata siku ya harusi. Na mimi badala ya kumweka chini, kwa sababu kichwa kilikuwa hakijarudi, nikamuuliza, "Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nilikuwa naomba."

Na hapo, mfukoni mwangu, Mumbua akatangaza kanisa zima lisikie: "Susu ameanguka. Njooni haraka." Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Nani ameanguka tena?" na ndiyo kicheko kikaanza pembeni, kikazunguka, kikafika mpaka kwa wale waliokuwa na machozi mashavuni. Nilimweka Susu kwenye benchi nikatafuta mahali pa kuweka mikono yangu nikakosa. Nilikuwa nimemshika mama mkwe. Nimembeba, kifuani, mbele ya mashahidi wote wa Kibwezi.

Mke wa pasta ndiye alinionea huruma akanitoa nje, akanieleza. Akina mama walikuwa kwenye kufunga na kuomba, wakampitia Susu, naye alikuwa amekataa kwenda kwa ajili ya ndengu, kisha akabadili mawazo, akasema leo mkwe wake anasimama mbele ya waamuzi na lazima aombewe. Kile kisanduku alikwenda nacho kiunoni kwa sababu kilikuwa changu na alitaka kiombewe pia. Na Susu hapigi magoti taratibu kama mimi na wewe. Anajitupa chini kwa Mungu wake mwili mzima, anakaa hapohapo bila kusogea. Kisanduku changu kilihisi mwili umeshuka ghafla na hauinuki, kikanipigia. Kilifanya kazi niliyokifundisha, shida ni kwamba sikukifundisha kuomba.

Nikabaki nimekaa kwenye jiwe nje ya kanisa. Walikuwa wananiombea mimi. Na mimi saa hiyohiyo ndiyo nilipoteza kila kitu, maana ukumbini walimchagua mtu wa Nunguni mwenye mashine ya kukausha maembe, na nasikia waamuzi walibaki wakiulizana kama kukimbia kwangu kulikuwa sehemu ya maonyesho. Sijui hata sasa kama nilicheka au nililia pale kwenye jiwe, nafikiri nilifanya yote.

Mambo ya nthoni hayaachwi hivyo. Ilibidi nipeleke mbuzi kwa Susu ili heshima irudishwe. Tukakaa, mimi mlangoni, yeye ukutani amenipa mgongo, na Mumbua katikati kama nyaya za umeme, kila neno linapitia kwake ingawa tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mama naomba msamaha," nikasema.

"Mama, anaomba msamaha," Mumbua akasema.

"Mwambie nimemsamehe," Susu akasema. Kisha akaongeza, "Na mwambie lile dude lake ni jinga. Mtu anayeomba, goti ndilo hutangulia kufika chini. Anayeanguka hachagui, anafika vile amefika."

Mumbua akafungua mdomo kunirudishia, nikamwonyesha mkono anyamaze, nimeshasikia. Nilitoka hapo kabla mbuzi hajaiva, jambo ambalo pia ni ukosefu wa adabu, nikampigia yule mama wa Nairobi, nikamwambia uliniuliza kipya ni nini. Nikamweleza kuhusu chombo cha pili, kidogo kama kifungo, kinachoshonwa kwenye pindo la sketi usawa wa goti, kinachokiambia kile cha kiunoni kama goti ndilo limetangulia kufika chini. Akaniambia nirudie polepole, nikarudia. Kisha akasema, "Hicho sijakiona mahali popote. Usimwambie mtu mwingine mpaka tupeleke karatasi." Mkiona nawaambia leo mjue karatasi zimeshafika.

Tulikijaribu kwa Susu mwenyewe, ndani kwake, mimi nimesimama nje ya ukuta na simu mkononi. Alijitupa magotini akaomba, simu ikakaa kimya. Mumbua, aliyevaa kingine, akajiangusha kwenye godoro, ikalia. Susu akaomba tena, kimya. Nilisikia akicheka ndani, na tangu siku hiyo hakivui, ila kwa kuoga.

Hataza yenyewe bado haijatoka, mambo hayo yanachukua muda. Mimi nimeapa mawili tu: sitampelekea mtu kitu cha kuvaa bila kumweleza kinafanya nini, na sitamwinua mtu yeyote aliyelala chini kabla ya kumsalimu. Lakini kuna siku ile ya kupeleka karatasi, mahali pa majina ya wabunifu nilikuwa nimeandika mawili, kwa sababu ukweli ni ukweli, na lile la pili, la Susu, niliandika herufi moja moja, maana hata kuliandika sikuwahi. Karani wa ofisi ya hataza akaniambia, "Nisomee majina nihakikishe." Nikasoma langu. Akangoja, kalamu juu ya karatasi. Nikamsukumia ile karatasi nikamwambia, "La pili lisome wewe."

Akanitazama, akalisoma kwa sauti, na mimi nikainamisha kichwa.