Udi Chini ya Piano

Mama bado hunifukizia koti kwa udi kabla sijapanda jukwaani, na harufu ile hunirudisha sebuleni kwetu Alief, mtaa wetu wa ughaibuni. Shangazi zangu walikuja kunisikiliza nikipiga utungo wangu wa kwanza, basi mama akaifukiza piano kama nguo za harusi: chetezo chini, moshi ukipanda kati ya nyuzi. Nilipoanza tu, kengele ya moshi kwenye dari ikalia. Vidole vikaganda.

"Usiache, mwanangu," mama akasema, akipunga kanga. "Ijibu."

Nikaitafuta sauti ile, nikaipata kwenye noti za juu kabisa za piano, nikaendelea nayo.

Leo wapiga piano huniuliza mbona tungo zangu huanza na noti moja kali, inayorudiwarudiwa. Mama, kiti cha mbele, huchekea ndani ya mtandio.