Hoteli Iliyouliza Kama Mna Mkwe

Harufu iliyokupokea mlangoni ilikuwa ya nta ya sakafu na vitunguu vinavyokaangwa kwa samli, na mpaka leo nikipita mahali mtu anaposugua sakafu ya mbao, tumbo langu hunguruma kabla sijajua ni kwa nini. Hoteli yenyewe ilisimama mjini Kisii, pale barabara inapoanza kupanda. Jina lake la Kiingereza liliandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba, lakini sikumbuki mtu wa kwetu aliyelitumia. Tuliiita Hoteli ya Ngazi, kwa ajili ya zile ngazi pana za mawe. Chini ya ngazi kulikuwa na chuma cha kukwangulia matope, kwa sababu Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri na udongo wetu mwekundu hauachi kiatu. Waliokuja pekupeku waliosha miguu kwenye bomba la pembeni, kisha wakapanda wakiacha alama za nyayo kwenye mawe. Ndani kulikuwa na vitambaa vya meza vilivyotiwa wanga mpaka vikawa vikavu kama karatasi, visahani vya majivu vilivyochongwa kwa mawe laini ya kijijini Tabaka, na feni iliyozunguka bila sababu katika baridi yetu. Kwenye ukuta wa mwisho kilitundikwa kioo kikubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, chenye fremu ya rangi ya dhahabu, kikiinama mbele kidogo kana kwamba kinachungulia watu wanakula nini.

Jambo moja la hoteli ile sijalikuta kwingine. Kabla ya kuonyeshwa kiti, weita mkuu, mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, alikuinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mna mkwe?" Aliuliza kama anayetaka kujua kama mna mizigo. Kwetu Wagusii, mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawapigi soga, na zaidi ya yote hawali wakionana. Tunaiita ensoni, neno lenye haya na heshima ndani yake, na sijapata neno moja la Kiswahili linaloyabeba yote mawili. Mwenye hoteli, mzee wa Kihindi, aliona wateja wakipanda ngazi, wakimwona mkwe ameketi mezani, wakigeuka na kushuka tena. Mwishowe alimwita seremala akamtengenezea fremu za mbao za kukunjwa, zikawambwa kitambaa cha kijani. Ukijibu kwamba ndiyo, mna mkwe, weita wawili walilibeba pazia hilo la mbao na kulisimamisha kati ya meza mbili, na kila upande ukala kwa amani. Sherehe nyingi za mji zilipita pale. Watu walikuwa wakijisifu, "Sisi tuliwekewa pazia," maana yake walikuwa wamemwoza binti kwa mtu mwenye uwezo.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na nyumbani hilo halikuhesabiwa kuwa kipaji. Tulikaa kwenye mteremko wa Nyanchwa, familia ya Wasabato, ambao dini yao inakataza chai, na niliwahi kupigwa kofi kwa kuuliza kwa nini tulilima chai na hatukuinywa. Nilipoelezwa habari za ensoni niliuliza kama mama anaruhusiwa kumsikia mkwe akitafuna. Kaka yangu Nyakundi alicheka, Mama hakucheka. Aliniambia, "Wewe utaolewa na nani? Hata mume atakimbia akisikia hayo maswali." Nilimjibu kwamba basi atakimbia akiwa ameshiba, na hilo pia lilinipatia kofi.

Katika miaka ile ya mwanzo ya Uhuru dada yangu Kemunto alichumbiwa na karani wa ofisi za wilaya, jina lake Ombati. Alikuwa na suruali zilizopigwa pasi na baiskeli yenye taa, na alizungumza nasi watoto kwa Kiswahili cha ofisini ingawa mama yake aliuza ndizi sokoni Suneka. Kemunto alimpenda. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu wa kwetu husimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa akisukumwa. Hakusukumwa na mtu. Alishona gauni la bluu kwa mikono yake mwenyewe, na wiki nzima kabla ya ile siku alitembea uani akiwa amenyoosha shingo, akijizoeza kuwa mke wa karani. Ombati alitaka familia zetu mbili zile chakula pamoja Hoteli ya Ngazi, kisha siku ya harusi itajwe. Baba aliposikia alisema yeye ana sufuria nyumbani kwake na hajawahi kusikia limeharibika. Hakuja. Tulikwenda Jumapili, baada ya Sabato kuisha: Mama, Kemunto, Nyakundi, mimi, na mshenga wetu, jirani wa makamo tuliyemwita Mama Moraa, yule aliyepeleka na kurudisha maneno kati ya nyumba hizo mbili.

"Mna mkwe?" weita akauliza.

"Tunaye," akasema Mama Moraa kwa fahari, kwa sauti iliyofika jikoni.

Hoteli ilikuwa imejaa siku hiyo. Upande wa madirishani, ambako pazia liliwekwa siku zote, walikuwa wameketi wakubwa fulani wa chama cha ushirika na wake zao. Basi tukapelekwa mwisho wa chumba, karibu na kioo. Weita wakalisimamisha pazia vizuri, likagusa ukuta. Ombati, ndugu yake, Nyakundi na Kemunto wakakaa upande wa pili, maana Ombati alisema mke wake wa kesho atakula mezani kwake kama wanavyofanya watu wa Nairobi. Huku tukakaa Mama na mimi tukielekea ukutani, na Mama Moraa mbele yetu, kioo kikiwa mgongoni kwake. Chakula kilikuwa kuku, viazi vilivyookwa na mchuzi mzito. Nilikuwa nimeanza kula nilipoinua macho nikamwona dada yangu.

Alikuwa juu ya kichwa cha Mama Moraa, ndani ya kioo, na gauni lake la bluu. Kwa sababu kioo kiliinama, kilimwaga upande wao wote kwetu: meza yao, sahani zao, mikono yao. Ombati alikuwa kando ya Kemunto, nikiona shavu lake moja likipanda na kushuka. Nilitaka kucheka. Pazia zima lile, seremala yule, weita wawili kulibeba, na mkwe wetu huyo hapo anatafuna! Nikamgeukia Mama ili nimwonyeshe, nikakuta macho yake yameshafika. Hakuwa ameyainamisha. Alikuwa ameshika kipande cha kiazi karibu na mdomo, akitazama.

Kemunto alikuwa ameshika paja la kuku kwa mkono, kama tunavyokula sote. Ombati, huku akiendelea kumsimulia Nyakundi habari za ofisini, bila hata kumgeukia, alinyoosha kisu chake akakilaza kifundoni mwa mkono wa dada. Hakumkata wala hakumbonyeza. Alikilaza tu, ubapa wake chini, akakiacha hapo, akitafuna na kutabasamu, mpaka Kemunto akaliweka lile paja kwenye sahani. Kemunto akajaribu uma. Kuku akateleza, mchuzi ukaruka kwenye kitambaa cheupe. Ombati akasema kitu ambacho sikukisikia, na wanaume wote wakacheka, na Nyakundi wetu naye akacheka. Kemunto akaweka mikono mapajani. Hakula tena.

Ndipo Mama akafanya jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Alipaza sauti. "Kemunto! Lete sahani yako huku, ule na mimi."

Vicheko vikakatika. Mama Moraa akamshika mkono, akamnong'oneza, "Mama Nyakundi, una wazimu? Mkwe anasikia!" Kwenye kioo Kemunto aliinua kichwa, na akamwona Mama. Walitazamana pale juu ya ukuta, katika ile fremu ya dhahabu, na nilijua kwamba dada amejua Mama ameona yote. Nilidhani hatakuja. Ombati alimwambia, kwa upole kabisa, "Kaa tu, mama amechoka." Kemunto akakaa kidogo. Kisha akainuka na sahani yake, akazunguka pazia, akaketi kati yetu, akamla yule kuku wote kwa mkono, machozi yakimdondoka, na alipomaliza akamwambia Mama kwa Ekegusii, polepole, "Umeniaibisha."

Wiki iliyofuata Mama Moraa aliingia kwetu na uso wa mtu aliyebeba maji ya moto. Watu wa Ombati walikuwa na neno. Mama mkwe hawezi kumwita bibi arusi kutoka mezani kwa mume bila sababu. Ikiwa alimwona mkwe mezani, aseme alimwona, atoe mbuzi wa kutakasa, na harusi iendelee. Ikiwa hakuona, basi aliwatukana bure, na hawaoi kwa watu wa matusi. Mama alikuwa akichambua chinsaga. Alisema hakuwa na sababu. Alimtaka mwanawe karibu, basi. "Ulijuaje kwamba hali?" akauliza Mama Moraa. "Mama husikia," akajibu Mama, akaendelea kuchambua mboga. Nilifungua mdomo, naye akanirushia jicho moja tu, nikaufunga.

Mbuzi hakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mama aliyemtazama mkwe akila hutajwa hivyo maisha yake yote, kwenye matanga na kwenye harusi za wengine, na watoto hukua wakilijua hilo kabla ya kulijua jina lake. Na kulikuwa na mtu mmoja mkubwa ambaye angeweza kuthibitisha. Wazee wa pande zote mbili walikutana uani kwetu chini ya paa la jiko, mvua ikipiga mabati, na wakamwita Kemunto. Neno lake moja, ndiyo, lingempa mume aliyemtaka. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyokunja na kukunjua pindo la lile gauni la bluu, ambalo alikuwa amelivaa tena, na nilielewa kwa nini amelivaa. Ombati alikuwa amesimama nje ya uzio na baiskeli yake, kofia mkononi, akisubiri. Sikumwona kuwa mtu mbaya wakati ule. Alikuwa amelowa.

"Mama yako aliona?" mzee akauliza.

"Mama alikaa nyuma ya pazia," akasema Kemunto.

"Hatuulizi alikaa wapi."

"Nyuma ya pazia," akarudia. "Mama Moraa alikuwa naye. Muulizeni."

Mama Moraa akakiri kwamba ndivyo, alikaa nyuma ya pazia. Ombati akapanda baiskeli yake akaenda, na tope likamrukia suruali.

Nimejaribu kukisimulia kisa hiki kama ushindi wa Mama, na kinakataa. Nilipokuwa Chuo Kikuu Nairobi nilimkuta Ombati kwenye mkahawa, amenenepa, pamoja na mkewe. Aliinuka kunisalimu, akaniulizia kila mtu wa nyumbani kwa jina, na walipokaa tena alimvutia mkewe kiti. Nilichungulia mikono ya yule mwanamke kama polisi. Alikula kwa uma na kisu, akicheka. Je, kile kisu kilikuwa nini siku ile, ukatili au somo lililofundishwa vibaya na kijana mwenye hofu ya kuonekana mtoto wa muuza ndizi? Nilimuuliza Kemunto. Ameolewa Nyamira na mkulima mpole asiyezungumza sana, ana cherehani yake na watoto, na kabatini ana uma na visu vya kung'aa ambavyo sijawahi kuona vikitolewa. Alisema, "Wewe bado unauliza tu?" Kisha akaongeza: "Kilikuwa baridi. Hicho ndicho ninachokumbuka." Sikupata zaidi. Na Mama, kila nilipomgusia habari za kioo, alinijibu, "Kioo gani?"

Hoteli ya Ngazi haipo. Mwenyewe aliuza akaondoka, na jengo likabomolewa. Mahali pake pana duka la vipuri na pampu za petroli, na ngazi mbili za chini zimebaki zikielekea ukutani, vijana hukaa hapo kuvuta sigara. Kioo sijui kilikwenda wapi. Nimeuliza. Mji una hoteli mpya karibu na stendi, yenye viti vya plastiki na redio, na hakuna weita anayekuuliza kama mna mkwe. Unakaa panapopatikana. Mwezi uliopita nilimkuta humo mama mmoja na mkwe wake wakila kutoka sahani moja ya chipsi, kila mmoja akitazama barabarani. Ningepaswa kufurahi. Kwa miaka mingi nimebishana na kila aliyetaka kunisikiliza kwamba ensoni ni pazia lisilo na sababu, na sasa limeondolewa bila hata kuniuliza hoja zangu, na ninajikuta natafuta ni kitu gani kingine kilichobebwa nalo.

Ninataka kuolewa. Kijana anatoka Machakos, anacheka haraka, na haelewi kwa nini mama yangu hawezi tu kumpa mkono. Juzi nilikwenda Nyanchwa kuwaambia wazazi kwamba tutakula pamoja, sote, kwenye hoteli ile mpya. Baba alisema sufuria lake bado zima. Mama alikuwa ameketi jikoni akimenya ndizi, utomvu mweusi vidoleni, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Hiyo hoteli yenu mpya," akasema, "ina kioo?"

"Haina, Mama. Ina ukuta na kalenda."

Akaitupa ndizi ndani ya sufuria, akachukua nyingine.

"Basi nije kufanya nini?"