Mama Alizikwa Nikiwa Ziwani

Admin, naomba ufiche jina langu na ubadilishe majina ya watu wangu, maana wengi wa kwetu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, Mkenya, mzaliwa wa Nyandarua. Nimeishi hapa Maryland, karibu na Washington, zaidi ya miaka thelathini. Nina watoto wawili wakubwa na kazi ya unesi ninayoipenda. Ukiniona kanisani utadhani nimetulia. Sijatulia. Wiki hii nimepanga sanduku na kulipangua mara tatu kwa sababu ya neno nililomwambia baba yangu kwenye simu, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa nakaa Adelphi, hapa hapa Maryland, chumba kimoja, nikihudumia wazee. Nilikuwa nimemaliza miaka sita bila kurudi nyumbani kwa sababu karatasi zangu za ukaazi hazikuwa zimetoka. Kila nikiongea na mama aliniambia, "Zikitoka tu, usipitie kwingine. Njoo nikuone."

Zikatoka mwezi wa tano. Sikumwambia mtu. Sijui niwaelezeje mnielewe. Nilijua nikifika nyumbani nitakuwa wa kila mtu, na nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Nilitaka wiki moja tu ambayo hakuna anayeniita dada wala nesi. Mwenzangu wa kazi, Marisol, alikuwa anaenda kwao Ekwado, kule Amerika Kusini. Akaniambia, "Twende wote." Nikaenda. Nilijiambia nyumbani nitaenda Desemba. Niliwaambia watu wa kazini tu.

Siku ya mwisho, Jumamosi, binamu yake Marisol alitupeleka Otavalo, mji wa milimani wenye soko kubwa la nguo za kusuka. Watu wangu, kule ni kama kwetu. Baridi ile ile ya asubuhi, viazi kwenye magunia, kondoo pembeni mwa barabara. Wanawake walivaa sketi nyeusi na shanga za rangi ya dhahabu zilizojaa shingoni, na watoto wamewafunga mgongoni kwa shuka. Mama mmoja aliyeuza shali alikataa bei yangu kwa kutikisa kichwa tu, kisha akanishika mkono akacheka, vile mama yangu alivyokuwa akifanya sokoni Ol Kalou. Nikanunua shali ya buluu. Moyo ukaanza kunisumbua pale pale.

Baadaye tukapanda hadi ziwa la Cuicocha, lililojaa ndani ya shimo la mlima uliowahi kulipuka zamani. Tukaingia kwenye boti. Upande mmoja mapovu yalikuwa yanapanda kutoka chini, na mwenye boti akasema mlima ule bado unapumua. Wengine walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nataka kushuka. Nilimwambia Marisol, "Nikifika kazini Jumatatu naomba ruhusa, naenda kwa mama." Akasema, "Si ulisema Desemba?" Nikamwambia siwezi kungoja Desemba.

Nilifika Adelphi Jumapili jioni. Mashine ya simu, ile ya kurekodi ujumbe, ilikuwa inawaka taa. Ujumbe wote ulikuwa wa mdogo wangu Ndung'u, akipiga kutoka posta. Wa kwanza: "Dada, mama ameshikwa ghafla, tupigie." Wa pili, mama amefariki. Wa tatu na wa nne, uko wapi. Wa mwisho alikuwa anaongea polepole: "Dada, tumengoja. Wazee wanasema tuzike Jumamosi. Nisamehe."

Jumamosi. Nilipokuwa napatana bei ya shali, kwetu jua lilikuwa linatua na udongo ulikuwa umeshafukiwa.

Kwetu kulipopambazuka nilipiga simu dukani kwa jirani, wakamwita baba. Hakunisalimu. Akauliza, "Ndung'u anasema alikupigia siku nne. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa hapa nyumbani, Baba. Simu haikulia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Niliogopa kumwambia kwamba karatasi zilishatoka na nikaenda kutembea. Sikufikiria mtu mwingine. Lakini baba alifikiria. Aliamini Ndung'u hakuwahi kupiga, kwamba aliacha mama azikwe bila kunijulisha kisha akawadanganya wazee. Tangu siku hiyo hajawahi kula nyumbani kwa Ndung'u. Watoto wa Ndung'u wamekua wakimsalimia babu yao langoni. Nami nimeenda Kenya mara tisa, nikakaa katikati yao, nikanyamaza. Ujumbe wote niliufuta ile Jumapili.

Sasa baba ana miaka themanini na tisa na madaktari wamesema hana muda mrefu. Amewaambia wazee kwamba akifa, Ndung'u asitupe udongo kaburini. Wiki mbili zilizopita Ndung'u alinipigia. Sauti yake haikuwa na hasira. Alisema, "Dada, sikulaumu. Mwambie tu baba pengine simu yako iliharibika siku zile. Mimi hiyo itanitosha."

Nikamwambia nitaona.

Ndege yangu ni Alhamisi. Nikisema simu iliharibika, baba atakufa akinipenda, na ndugu yangu atasafishwa. Atanishukuru, na hiyo shukrani ndiyo siwezi kuibeba. Nikisema ukweli, nitamvunja mzee aliye kitandani, na huenda mimi ndiye nitakayekatazwa kaburini. Mume wangu anasema nitumie njia aliyonipa Ndung'u. Binti yangu anasema kwa Kiingereza chake kwamba mjomba anastahili kujua.

Wenzangu mnaosoma, hasa mliozika wazazi mkiwa mbali, msinionee haya. Niambieni kabla ya Alhamisi: nikikaa kando ya kile kitanda, niseme lipi?